Maziwa ya Mtoto Aliyetimiza Mwaka

Mama mmoja ametuuliza: je, mtoto wake aliyetimiza mwaka mmoja anunuliwe maziwa ya Ulaya yaliyoandikwa «bio», au ya kawaida yamfaa? Yale ya kwanza, asema, bei yake ni kali mno.

Wazazi wapendwa, jani la kijani ambalo Umoja wa Ulaya huliweka juu ya vyakula hivyo tangu mwaka 2010 latueleza jinsi ng'ombe alivyotunzwa: hutolewa malishoni, na majani yake hayakutiwa mbolea ya viwandani. Mafuta ya maziwa yake ni bora kidogo. Madini ya joto huwa pungufu kidogo. Protini na kalsiamu, zijengazo mwili na mifupa, karibu ni sawa.

Sisi twaogopa jambo jingine. Ng'ombe wa milima ya Masisi nao hula nyasi tu, na wengi husifu maziwa yao, wakampa mtoto mabichi. Humo mwaweza kuwamo kifua kikuu na homa ya brusela! Yachemshwe kwanza. Tena ule unga mweupe wa kutilia kahawa si maziwa, ingawa makopo yafanana.

Mama na aendelee kunyonyesha hata miaka 2 na zaidi. Ya ng'ombe, yasiyoondolewa mafuta, nusu lita kwa siku yatosha. Yakizidi, mtoto hushiba akakataa maharagwe na dagaa, na damu yake hupungua. Fedha ya lile jani la kijani tungeinunulia mayai.