Mtahini Naye Atahiniwe

Siku hizi kazi ya kujaribu programu za kompyuta hukabidhiwa wakala wa akili bandia. Wakala huyo huongozwa na maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, yaitwayo ustadi. Wengi huusifu ustadi kwa sababu majaribio yote yamefaulu. Mimi sikubali.

Tuseme programu ya maktaba inaandika: «Vitabu 3 kimerudishwa.» Wakala aliyeambiwa tu ahakikishe kuwa ujumbe umeonekana ataupitisha, wala hatakuwa ameasi. Kosa ni la agizo.

Kipimo cha haki si kipya. Mwaka 1978 DeMillo, Lipton na Sayward walieleza namna ya kutia makosa madogo katika programu kwa makusudi, ili kuona kama majaribio yatayanasa. Nasi tupande sentensi kumi zenye makosa ya upatanisho wa ngeli, tuzichanganye na kumi zilizo sahihi. Wakala anayepitisha zote hajui kitu. Anayekataa zote ni yuleyule.

Wenzangu, mhandisi peke yake hawezi kuutunga mtihani huo. Unamhitaji mjuzi wa lugha, naye yuko kitivoni humu.