Barua ya Mionzi Itaje Pia Njia ya Hewa

Mgonjwa wa saratani ya kinywa kutoka Karagwe au Kyerwa huifuata tiba ya mionzi mbali na kwao: Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa kawaida hutibiwa siku 5 kwa juma, kwa majuma 6 au 7, kisha hurejea kijijini akiaminiwa kuwa amemaliza. Njia yake ya hewa, hata hivyo, bado inabadilika.

Mionzi inayoua seli za saratani huacha pia makovu katika misuli ya kutafuna na shingoni. Miezi au miaka baadaye taya hukaza, shingo hukakamaa, na zoloto huweza kuvimba. Mtu huyo huzungumza, hunywa uji na kupalilia migomba yake. Kasoro hujificha mpaka siku anapohitaji upasuaji wa ngiri au wa uzazi. Akishapewa dawa za usingizi na za kulegeza misuli, mtaalamu huweza kushindwa kumpitishia mpira wa kupumulia, na hata kumpa hewa kwa barakoa. Dakika chache bila oksijeni zatosha kuharibu ubongo.

Kwa hiyo, barua ya kumruhusu isiishie kwenye kiasi cha mionzi na tarehe ya kliniki. Ieleze kinywa kinafunguka milimita ngapi, shingo inakunjuka kiasi gani, na iwapo aliwahi kutobolewa koo ili apumue. Nakala aitunze mgonjwa mwenyewe, kwani dharura ya usiku haingoji majibu kutoka Mwanza.

Huenda ikasemwa kuwa wagonjwa hawa ni wachache. Uchache huo ndio hatari yenyewe, kwa kuwa asiyetarajiwa hajiandaliwi.

Wahudumu wa wilayani wana kipimo kisichohitaji mashine. Kabla ya upasuaji, kila mgonjwa aulizwe kama amewahi kutibiwa kwa mionzi, kisha afungue kinywa. Vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima visipoingia, hilo ni onyo. Ganzi ya mahali au ya uti wa mgongo ifikiriwe kwanza. Nusukaputi ikiwa haiepukiki na muda unaruhusu, apewe rufaa akiwa bado anapumua mwenyewe.

Naye mgonjwa afanye kila siku mazoezi ya kinywa aliyofundishwa, na aseme habari za mionzi hata asipoulizwa.