Ngalawa za Watoto na Watunzi wa Mitandao

Katika fukwe za Unguja na Pemba, mtoto huchonga ngalawa yake ya kuchezea kwa mti mwepesi, akaitia mirengu isipinduke, na tanga akalishona kwa kitambaa kikuukuu. Kisha huishindanisha mbele ya wenziwe. Ikienda mrama hailaumu bahari; huisawazisha mirengu, akajaribu tena.

Mchezo huo una mafunzo mawili kwa vijana wetu wanaotunga nyimbo, picha na vichekesho vya mitandaoni. Kwanza, ngalawa hupimwa kwa kwenda kwake majini, si kwa wingi wa watazamaji waliosimama pwani. Pili, kila mtoto huijua ngalawa ya mwenziwe: mwenye kuiga huongeza lake, na mwenye kunyakua huitwa mwizi.

Funzo hili la pili linaihusu Serikali pia. Mwaka 2003 Zanzibar ilitunga Sheria ya Hakimiliki. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ya Muungano iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 katika malipo ya watayarishaji wa maudhui ya mtandaoni. Sisi hatuipingi kodi. Tunalosema ni kwamba mkono unaopokea sehemu ya pato la mtunzi hauna budi kuilinda kazi yake inapoibwa. Wakuu wanaohusika wawaeleze vijana, kwa lugha nyepesi, wapi wapeleke malalamiko yao na lini watarajie jawabu.

Nao vijana wachonge kwanza, ndipo watweke.