PETROLI SI SABUNI!

Ndugu Wafanya Kazi,

Mwaka 2019 tuliiona meli ya mabehewa Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960, ikirudi kazini ziwani baada ya kulala miaka mingi. Wako waliokwisha kuihesabu kuwa chuma cha kuuzwa kwa kilo. Mikono ya mafundi ndiyo iliyoifufua. Basi mtu asituambie kwamba kufufua mashine ya zamani ni kazi ya kubahatisha. Ni kazi ya ustadi, na ustadi una haki zake.

Leo sisemi juu ya meli hiyo. Nasema juu ya karakana ndogo za Kisumu na kando ya ziwa, zinazofufua pampu, injini za boti na mashine za kusaga. Humo kuna desturi moja mbaya, nayo ni kuosha kila kitu kwa petroli.

Yalinipata mimi mwenyewe katika karakana moja. Tulikuwa tukifufua pampu ya zamani. Vishikio, vifuniko vya swichi na uso wa geji vilikuwa vya plastiki, vimeganda grisi na masizi. Mnyapara akaleta debe la petroli na matambara, akasema, "Fanyeni upesi, mwenyewe anakuja jioni." Glavu hakuna. Mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Haikupita saa moja kichwa kikaanza kuniuma, na mikono ikakauka mpaka ikapasuka. Na ule uso wa geji? Ukaingia ukungu na nyufa, hausomeki tena. Mwisho wa mwezi tajiri akanikata mshahara kwa kuharibu mali yake. Ndugu, amri ni yake, petroli ni yake, hasara ikawa yangu!

Sasa tuseme ukweli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujaa ndani ya shimo la gari au tumbo la boti, ukingoja cheche moja tu. Ndani ya petroli mna benzini, na benzini huleta saratani ya damu. Thina ya rangi nayo huyeyusha plastiki nyingi. Wengine hutia jiki pamoja na asidi ya betri ili kitu king'ae haraka. Hiyo ni kufanya gesi ya klorini, ambayo iliua askari katika vita vya 1914 hadi 1918. Usiichanganye hata siku moja!

Njia njema haina siri. Zima umeme kwanza, kisha fungua kipande ukitoe katika mashine. Kwangua grisi nene kwa kijiti, si kwa kisu. Kiloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Maji yanayochemka hupinda plastiki. Sugua kwa mswaki mwororo, suuza, kausha kivulini. Ukitaka kutumia dawa nyingine yoyote, ijaribu kwanza upande usioonekana. Maji machafu yenye mafuta yatie katika pipa, usiyamwage ziwani, maana samaki wa huko ndio chakula chetu.

Viko vipande viwili vya kuogopa. Cha kwanza ni ile plastiki ngumu nyeusi au ya kahawia iitwayo Bakelite. Ya zamani huweza kuwa na asbesto ndani yake. Ifute kwa kitambaa chenye maji, wala usiipige msasa, kwa maana vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Cha pili ni kifaa cha umeme cha zamani kinachovuja mafuta. Mafuta ya transfoma za kale huweza kuwa na sumu isiyoisha mwilini upesi. Usikioshe. Kiweke kando na umwite mwenye ujuzi.

Tajiri atasema sabuni inachelewesha kazi. Tunamjibu: kipande kilichopasuka kinachelewesha zaidi, kwa kuwa cha namna hiyo hakiuzwi tena dukani. Atasema glavu ni gharama. Tunamjibu: na mikono yetu je, inauzwa Kibuye?

Lakini lawama nyingine ni yetu wenyewe. Wako mafundi wanaomcheka kijana akiomba glavu, wakisema fundi wa kweli haogopi petroli. Huo si ushujaa, ni kumfanyia tajiri kazi yake bure. Acheni!

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye watu 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama. Ukitoa taarifa ya hatari kubwa, hawezi kukulazimisha urudi mahali hapo kabla hajaiondoa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, kifungu cha 19, hairuhusu ukatwe mshahara kwa mali iliyoharibika ila kama umeiharibu kwa kusudi. Mtu aliyetii amri ya mnyapara ameharibu kwa kusudi gani?

Basi madai yetu ni haya: sabuni, mswaki, glavu, mlango wazi, na muda wa kutosha. Mshahara uliokatwa urudishwe. Atakayeletewa debe la petroli kesho asikatae peke yake. Wakatae wote pamoja, na jambo hilo lifike kwa mwakilishi wa chama siku hiyohiyo. Mmoja akikataa huitwa mkaidi, lakini karakana nzima ikikataa huitwa mezani.

Umoja ni nguvu!

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi, Kisumu