Glavu Si za Watu Laini

Kuna sentensi nimeisikia chini ya miti mingi mno, na nimechoka nayo. Mara nyingi hutoka kwa mwanamume aliyesimama mikono kiunoni, akitazama wenzake wakivaa hanesi: "Glavu ni za watu laini." Watu wanacheka. Yule dada aliyekuja mara ya kwanza, ambaye tayari alikuwa ameshika jozi yake, anairudisha kwenye begi polepole kama mtu aliyepatikana na kitu cha aibu. Halafu anapanda mikono mitupu, anashuka viganja vimechubuka, na wikendi inayofuata humwoni tena.

Kwa ambaye hajawahi: nazungumzia kupanda miti kwa kamba, kwa raha tu. Hukati tawi, huvuni tunda, hutafuti asali. Unarusha uzi wenye kizito juu ya tawi nene, unavutia kamba kwa uzi huo, unapanda, unakaa huko juu na ndege, unashuka. Mchezo wenyewe ulitokana na kazi ya wapogoaji miti. Mmoja wao, Peter Jenkins, alianzisha Tree Climbers International mjini Atlanta, Marekani, mwaka 1983, ili watu wa kawaida nao wafundishwe. Sisi wa Nairobi tunaopanda tu wachache, tunategemea hisani ya watu wenye mashamba yenye miti ya maana huko Limuru. Ni wachache hivyo, lakini kelele za glavu tulizo nazo zinatosha mji mzima.

Watu wa mikono mitupu wana hoja moja wanayoiona kuwa ya mwisho, na huwa wanaileta ikiwa imevishwa kanzu ya mila. Mkwezi wa Kilifi, wanasema, anapanda mnazi asubuhi hadi jioni, na nani amewahi kumwona na glavu? Kwani sisi tumekuwa Wazungu lini?

Sawa, tumzungumzie mkwezi. Anaweka mguu kwenye vidato vilivyochongwa shinani (ndiyo, neno lile lile la kidato cha kwanza), anakumbatia shina, anajiinua. Mkwezi anashika mti, na mti hautembei. Kila anapohamisha mkono anauinua na kuuweka upya mahali pengine. Hakuna kitu kinachopita ndani ya kiganja chake. Tena anauhitaji utupu wa mkono huo, kwa sababu kiganja ndicho kinachomwambia kama shina limelowa. Mimi na wewe hatushiki mti. Tunashika kamba, na kamba inatembea. Ukipanda kwa kamba iliyopita juu ya tawi na kurudi kwako, kila mita moja unayopanda umevuta mita mbili. Mti wa mita 15 ni mita 30 za kamba kupitia mikononi mwako, na hapo hujaanza kushuka.

Kumtumia mkwezi kumcheka mtu mwenye glavu ni kutomheshimu mkwezi. Ni kuikopa heshima ya kazi yake bila kuitazama anavyoifanya.

Halafu kuna joto. Kamba nyingi tunazotumia zina ala ya polyesta, na polyesta huyeyuka kwenye nyuzi karibu 250. Ngozi ya binadamu inahitaji kama nyuzi 60 na sekunde chache tu ili iungue. Kwa hivyo kamba ikikupita kiganjani kwa kasi, itatoka salama kabisa na wewe utakuwa umeiva. Usiniambie habari za sugu. Sugu ni nzuri hadi siku inaponasa, na ikinasa huwa inabanduka yote na kukuachia nyama mbichi, ukiwa bado mita nane kutoka chini.

Lakini nisionekane nimehamia kambi ile nyingine, maana hao nao nina maneno nao. Hawa ni wale wanaokuja na glavu za kuchomelea, ngozi nene hadi karibu na kiwiko. Buda, unapanda mti ama unachomelea geti? Wengine wameagiza jozi kutoka ng'ambo kwa pesa inayoweza kununua hanesi ya pili, na wanaivaa kama hirizi. Wote wawili wana imani moja: ngozi ikiwa nene, niko salama.

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uzito wako haushikwi na mkono, unashikwa na fundo. Chukua fundo la Blake ambalo wengi wetu hufundishwa mwanzoni: ukiliachia linauma kamba, ukilibonyeza kuelekea chini linateleza, nawe unashuka. Sasa mtu akiogopa anafanya nini? Anafumba mkono. Akiufumba juu ya fundo analibonyeza zaidi, na fundo linazidi kumshusha. Dawa ni kuachia, jambo ambalo mwili unakataa kwa nguvu zake zote. Mwenye mikono mitupu anapoanza kwenda kasi, kiganja kinamwaka, anapiga kelele, anaachia, fundo linashika. Ameumia lakini amesimama. Mwenye ngozi ya kuchomelea hasikii kitu. Hajui fundo limepata moto, hajui kamba imeanza kung'aa pale ilipochomwa na msuguano, na anaposhtuka kwamba ardhi iko karibu, bado amelifumbata.

Joto la kiganjani ni habari. Glavu inayofaa huondoa jeraha na kuiacha habari ipite. Ikiondoa vyote viwili umejinunulia upofu, na ukiilipia pesa nyingi umejinunulia upofu wa bei.

Mimi huvaa zile za mjengo: za kufumwa, kiganja kimechovywa kwenye mpira, mgongo wazi upitishe hewa. Zinauzwa kwenye hardware yoyote kwa bei isiyo mbali sana na sahani ya chapo dondo. Mpira unaishika kamba, kwa hiyo huhitaji kukamua nguvu zote za vidole kila unapovuta, na ukifika juu bado mikono ina uhai. Kasoro zinazo. Wakati wa kushuka, kushika huko huko kunageuka taabu, mpira unakwaruzika na kutafunwa vipande, kwa hiyo ule mkono unaobaki kwenye kamba chini ya fundo mimi huuvisha ngozi nyembamba ya mbuzi. Ndiyo, jozi mbili zisizofanana, na ndiyo, nimechekwa. Ngozi ikilowa na ukungu wa Limuru, ikikauka inakuwa kama mkate wa juzi, basi huianika kivulini na kuifikicha kabla ya kuivaa tena. Mpira wa asili ukikuwasha, tafuta za nitrili. Zile za pamba zenye vidotodoto waachie wapanda maua. Na kama mti wenyewe ni mgunga, hakuna kati ya hizi itakayokusaidia. Mwiba hupita kati ya nyuzi kana kwamba umealikwa.

Kuhusu zile namba zilizoandikwa mgongoni, chini ya EN 388 na picha ya nyundo, ambazo watu husomeana kama matokeo ya KCSE. Ya kwanza ni kukwaruzwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuraruka, ya nne kutobolewa. Joto halimo, lina kipimo chake kingine, EN 407. Kwa hiyo jamaa anayejigamba kwamba glavu yake ina 5 kwenye kukatwa anajigamba kuhusu visu. Labda anapanda bucha. Tazama ile namba ya kwanza, ikiwa 3 au 4 endelea na maisha.

Namba ninayoijali mimi ni ya saizi, na hapo ndipo ninapokasirika. Zungusha tepu kwenye kiganja, chini kidogo ya mahali vidole vinapoanzia, gumba likiwa nje. Milimita 178 ni saizi 7, 203 ni 8, 229 ni 9, 254 ni 10. Yangu ni 7. Nimeingia duka baada ya duka nikaletewa 10, na nikiuliza naambiwa, "Madam, hii inaingia watu wote." Inaingia, kweli. Hata miguu yangu ingeingia. Lakini kwenye ncha ya kila kidole kunabaki kipande cha glavu kisicho na kidole ndani yake, na kipande hicho ndicho kinachonaswa na fundo, au kubanwa kwenye mlango wa karabina wakati unataka kuufunga. Glavu kubwa kupita mkono ni mbaya kuliko mkono mtupu, na hapo nakubaliana na wale wacheshi wa mikono kiunoni, japo hawakuwa na nia ya kusema hivyo. Wao wanamwambia dada yule kwamba glavu ni udhaifu. Duka linamwambia kwamba glavu si za mkono wake. Kisha tunakaa kwenye vikao tukijiuliza mbona mchezo huu hauna wanawake.

Kabla hujainunua, ivae, kisha fungua na ufunge karabina mara tatu bila kuangalia. Funga fundo lako na ulifungue. Okota shilingi moja sakafuni. Mwenye duka akinung'unika, mwache anung'unike.

Kuna mtu mmoja zaidi anayetajwa sana kwenye ubishi huu: yule fundi anayeitwa mtaani mvua zikikaribia, aje apunguze mikaratusi isiangukie mabati. Anakuja na panga na kamba ya katani, anapanda mikono mitupu, na watu wa mikono mitupu wanamwonyesha kidole: unaona mwanaume? Wanazungumza kana kwamba alikwenda dukani, akatazama glavu zote, akazikataa. Wa mtaani kwetu nilimuuliza. Alisema, "Hiyo ni chakula yangu ya mchana." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na glavu zimetajwa humo kwa jina. Lakini landlord anasema yeye si mwajiri wa mtu, hiyo ni kibarua ya siku moja tu. Mti wa ghorofa tatu, siku moja tu. Nilimpima kiganja kwa tepu yangu pale pale getini. Ni 9, na za 9 zimejaa kila duka.