Kolwezi: mtandao usisingiziwe

Tangu mwaka 2011, amri ya serikali inadai mikataba ya madini itangazwe ndani ya siku 60. Lakini mkaaji wa Kolwezi anayenunua mega ili asome mkataba wa kobalti anaweza kukuta namba tupu, kisha akaambiwa mtandao ni mubaya. Sivyo. Namba ikitokea, kwa kawaida seva imejibu. 404: ukurasa haukuonekana. 403: seva inakataa kuutoa. 503: seva haiko tayari kwa sasa.

Kuna programu ndogo za kompyuta za kutafsiri namba hizo: unaandika namba, maana inatoka, hata bila mega. Vijana wa informatiki wa Lualaba waziwekee shirika la raia. Anayepata 403 aulize ofisi husika: nani amefunga?