Wazazi wa Kisomali wa Minnesota walistahili jibu

Mwaka 2004, watoto 92 katika kila 100 wa Kisomali waliozaliwa Minnesota, Marekani, walikuwa wamechanjwa surua walipotimiza miaka miwili. Kufikia 2014 walikuwa 42 tu. Wanaodai kwamba mila za wahamiaji ndizo zinazokataa sindano waitazame tena hiyo 92. Baadhi ya wazazi hao walipitia kambi za Dadaab nchini Kenya, ambako surua si ugonjwa wa kusimuliwa.

Kilichowatisha ni usonji. Mwaka 2008 waliona watoto wao ni wengi mno katika madarasa ya mahitaji maalumu, wakauliza kwa nini. Wataalamu hawakuwa na jibu la kuwatuliza. Akaja Andrew Wakefield, Mwingereza aliyefutiwa usajili wa udaktari mwaka 2010, mwaka huohuo jarida la Lancet lilipoufuta utafiti wake wa 1998 uliohusisha chanjo na usonji. Alikutana na wazazi ana kwa ana, na uongo ukapata nafasi ambayo ukweli uliiacha wazi.

Mwaka 2017 surua ililipuka: wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Maimamu na wahudumu wa afya wa Kisomali wakatafutwa kwa haraka. Mwaka 2024 ugonjwa ukarudi, wagonjwa 70.

Mama anayefika kliniki mara nyingi hapingi chanjo zote. Nyingine mtoto apewe, ila hii ya surua isubiri mpaka aanze kusema. Kumkabidhi kipeperushi, hata kilichotafsiriwa vizuri, hakumsaidii. Anahitaji mtu anayemwamini, mwenye muda wa kumweleza kwamba dalili za usonji huanza kuonekana karibu na umri uleule wa chanjo, mtoto awe amechanjwa au hakuchanjwa, na kwamba surua huwa kali zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, yaani katika miaka hiyohiyo anayotaka kusubiri. Akiuliza kuhusu jelatini ya nguruwe katika chanjo, asikemewe: tangu 2022 Marekani imeidhinisha Priorix, chanjo ya surua isiyo na jelatini. Swali la dini lina jibu lililo tayari, ilimradi muuguzi alijue.

Idara za afya ziwape wahudumu wa Kisomali ajira ya kudumu, si mikataba ya miezi ya mlipuko. Mtoto anayetimiza mwaka mmoja wiki hii anatakiwa kuchanjwa sasa.